Mradi umefungwa, baba bado hajui

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, naishi Njombe mjini na mke wangu na watoto wetu wawili. Kwa miaka tisa nilikuwa afisa takwimu kwenye mradi wa UKIMWI uliokuwa unafadhiliwa na Marekani. Nilikuwa nazungukia vituo vya afya kumi na kimoja, kimojawapo kila Jumanne, nahakiki kadi za CTC, yaani za wagonjwa wa kliniki ya UKIMWI, naingiza taarifa kwenye mfumo na kuandaa ripoti ya robo mwaka. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa 1,500,000. Januari 2025 tukaambiwa tusimamishe kazi kwa siku 90. Hata hizo 90 hazikutimia: tarehe 27 Februari tukapewa barua za kusitishiwa ajira. Nililipwa mwezi mmoja badala ya notisi, na siku zangu za likizo, basi.

Tangu hapo nimetuma maombi 63. Yaliyojibiwa ni manne. Usaili nimeitwa mmoja, Iringa, nafasi zilikuwa mbili na ukumbi ulijaa. Nusu ya waliokuwa mle ndani nilikuwa nawajua kwa majina, tulikuwa tunakutana kwenye vikao vya mradi. Mke wangu anafundisha chekechea ya mtu binafsi, analipwa laki mbili na nusu. Kodi ya nyumba inaisha Septemba.

Baba yangu yuko Makete. Sijamwambia. Kila mwezi nilikuwa namtumia laki moja na bado namtumia, natoa kwenye akiba. Asubuhi navaa shati la kazini natoka, kwa sababu mama mwenye nyumba wetu anatoka kijiji kimoja na sisi. Nakaa stesheneri ya rafiki yangu mpaka saa kumi jioni.

Nina kiwanja nje kidogo ya mji. Nafikiria kukiuza nifungue stesheneri yangu. Au nirudi kijijini nikalime viazi? CV yangu nimeiambatanisha uitazame.

Baba wa wawili, Njombe

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeirudia mara tatu. Nitaanza na baba yako, kwa sababu naona hapo ndipo mengine yote yalipokwama.

Mwaka 1996 nilikuwa karani wa mahudhurio kwenye kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam. Nilikuwa napita katikati ya mashine na daftari, nahesabu nani yupo na nani hayupo. Kiwanda kikawa kinaandaliwa kubinafsishwa, tukapunguzwa. Sikumwambia mama. Wiki tatu nzima nilitoka nyumbani Temeke saa kumi na mbili na nusu asubuhi na mkoba wangu, nikaenda kukaa Mnazi Mmoja chini ya mti, jioni nikarudi. Siku moja mama akaniita uani. Akaniambia amejua tangu siku ya nne, kwa sababu nywele zangu hazikuwa tena na nyuzi za pamba. Kwa miaka minne, kila jioni, alikuwa ananitoa zile nyuzi kichwani kwa vidole huku tunazungumza, na siku hiyo alipeleka mkono asikute kitu. Akanyamaza, akingoja niseme mwenyewe.

Kesho yake alinipeleka Tandika kwa mzee mmoja aliyekuwa anauza mchele kwa jumla, ambaye alikuwa hajui tena nani anamdai na yeye anamdai nani. Nilimpangia madaftari yake mwezi mzima kwa mchele na nauli. Mzee huyo ndiye aliyenitaja kwa mwenye malori, na mwenye malori akaniajiri miaka kumi na mmoja.

Nakusimulia haya kwa sababu ya hesabu yako mwenyewe. Watu 63 wasiokujua wanajua kwamba unatafuta kazi, na wanaokujua hawajui. Mama mwenye nyumba hajui. Baba hajui. Nina hakika hata mganga mfawidhi, yaani mkuu, wa kile kituo ulichokuwa unakwenda kila Jumanne anadhani umehamishwa. Mwaka huu ambapo maelfu ya watu wametolewa kwenye kazi za aina moja kwa wakati mmoja, maombi ya barua pepe yanashindana na watu wenye vyeti kama vyako na uzoefu kama wako. Uliwaona kwa macho yako Iringa. Mahali ambapo huna mshindani ni kwa mtu aliyekuona ukifanya kazi.

Kwa hiyo nenda Makete. Usimwambie kwa simu. Panda gari Jumamosi, ukae naye, umwambie mradi ulifungwa Februari, kwamba hukufukuzwa kwa kosa, na kwamba uliona aibu. Kisha umwambie kuhusu laki moja. Najua hilo ndilo zito. Lakini mzee aliyelima viazi maisha yake yote amewahi kuona msimu ambao gunia halirudishi hata gharama ya mbegu. Atakuelewa kuliko unavyodhani, na atakachoumia nacho zaidi ni kujua kwamba miezi hii yote umekuwa unamlisha kwa akiba ya watoto wako.

Nije kwenye haki zako, maana naona umeondoka na pungufu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyepunguzwa, akiwa ametumikia mwaka mmoja au zaidi, kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, kwa miaka isiyozidi kumi. Kwa jedwali la sheria hiyo, mshahara wa wiki unapatikana kwa kugawanya wa mwezi kwa 4.333. Kwako ni kama 346,000 kwa mwaka, na kwa miaka tisa inakaribia 3,100,000. Hiyo kwenye barua yako siioni. Inawezekana mwajiri atakuambia mikataba yenu ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja na kila mmoja ulijitegemea. Usilipokee jibu hilo kwa mdomo. Chukua mikataba yote, ya kwanza mpaka ya mwisho, pamoja na barua ya kusitishiwa na hati za mishahara, uzipeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, waone kama palikuwa na mwanya kati ya mkataba na mkataba, au kazi yako iliendelea bila kukatika.

Umechelewa, na ni lazima nikwambie. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa CMA ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Zote zimepita. Mlango haujafungwa kabisa: pamoja na fomu namba 1 ya kufungulia mgogoro, utajaza fomu namba 2 ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, na humo utaeleza sababu za kuchelewa. Eleza ukweli, tarehe kwa tarehe. Kama uliandikiana na ofisi ukidai, ukawa unaambiwa subiri, ambatanisha ujumbe huo. Siwezi kukuahidi kwamba watakubali. Ila kila wiki unayoongeza inaifanya fomu hiyo kuwa ngumu zaidi kuitetea, kwa hiyo nenda wiki hii.

Hukunitajia kama ulipewa hati ya utumishi. Ni haki yako kisheria, na utaihitaji.

Halafu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Hukuandika neno hata moja kuhusu NSSF, na hilo limenisikitisha, kwa sababu ulichangia miaka tisa. Lipo fao la upotevu wa ajira. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, ambaye hajafikisha miaka 55, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Kwako inakaribia laki tano kwa mwezi. Ni mara mbili ya mshahara wa mke wako! Nenda ofisi ya mkoa na kitambulisho cha NIDA, barua ya kusitishiwa ajira na taarifa zako za benki. Na ukifika, omba taarifa ya michango uihakiki mwezi kwa mwezi kabla hujaondoka dirishani. Wewe ni mtu wa takwimu, unajua jinsi mwezi mmoja unavyoweza kuruka.

Sasa hiyo CV.

Ina kurasa sita. Kwenye ukurasa wa kwanza jina la mradi limetajwa mara kumi na nne, na jina la mfadhili mara tisa. Mtu anayeisoma leo anaona kitu kilichokufa. Halafu kuna sentensi hii, naitafsiri ilivyo: "Nilishiriki katika kuimarisha mifumo ya ukusanyaji wa takwimu kwa ajili ya afua shirikishi katika ngazi ya jamii." Mwanangu, hapo sikuoni. Sijui ulikuwa unafanya nini ukishashuka kwenye pikipiki saa mbili asubuhi.

Lakini ukurasa wa tano, chini kabisa, baada ya orodha ya semina, umeandika kwa kifupi jambo lililonifanya niweke chai chini. Mwaka 2022 kituo kimoja kilionyesha kwenye mfumo kwamba wagonjwa 340 wameacha dawa. Ulikaa wiki sita unatoa faili moja moja kabatini, unalinganisha na kadi, unapiga simu, ukakuta 212 kati yao walikuwa wamehamia vituo vingine na wanameza dawa kama kawaida; ni mafaili yao tu ambayo hayakufungwa. Hiyo ndiyo kazi yako. Itoe ukurasa wa tano uiweke juu ya ukurasa wa kwanza, kwa maneno hayohayo ya kawaida, na hesabu zake. Kurasa ziwe mbili. Mradi utaje mara moja, kwenye mstari wa mwajiri.

Na wadhamini wako watatu, wote wana anwani za barua pepe za ofisi iliyofungwa. Anwani hizo zimekufa pamoja na mradi. Mwajiri akiandika, hapati jibu, na anahesabu kwamba huna wa kukusemea. Bosi wako wa zamani mwombe namba yake binafsi. Wawili wengine wabadilishe kabisa: weka mtu ambaye bado yuko ofisini kwake na aliona kazi yako, kwa mfano mratibu wa UKIMWI wa wilaya, au mganga mfawidhi wa kituo kile cha mafaili 340. Waendee ana kwa ana kuomba ruhusa. Ukiwa pale mlangoni, mganga atakuuliza siku hizi uko wapi, nawe utamjibu, na hapo utakuwa umeomba kazi bila kuandika barua.

Uende wapi? Umekuwa unatafuta nafasi inayoitwa "afisa takwimu" kwenye mashirika, na mashirika ndiko kulikokauka. Ustadi wako ni kukuta mahali ambapo karatasi na mfumo havisemi kitu kimoja. Nani ana shida hiyo Njombe, na inamla pesa?

Wa kwanza ni hospitali na zahanati zinazohudumia wanachama wa bima. Wanalipwa kwa madai. Fomu ikikosa saini, namba ya mwanachama ikikosewa tarakimu moja, au ugonjwa ulioandikwa usiendane na dawa iliyotolewa, NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, inakata dai hilo, na dawa imeshatoka dirishani. Nimewahi kukaa na mhasibu wa zahanati moja akanionyesha rundo la madai yaliyokatwa, mengi kwa makosa ambayo mtu makini angeyaona kwa nusu dakika. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023, kwa hiyo fomu hizi zitaongezeka. Usiende kuomba ajira. Nenda kwa mganga mfawidhi au mhasibu, mwambie: "Nipe madai yenu yaliyokatwa mwezi uliopita, niyapitie kwa wiki mbili, nikuonyeshe yanakatwa kwa nini." Mkubaliane malipo ya hizo wiki mbili, hata kama ni madogo. Usifanye bure.

Wa pili wako hapohapo unapokaa. Njombe sasa ni mji wa parachichi. Anayesafirisha nje analazimika kuonyesha kila kreti imetoka kwa mkulima gani, shamba lipi, limepigwa dawa gani na tarehe ipi. Nilipitia daftari la namna hiyo nilipokuja huko kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yangu: jina la mkulima, namba, kijiji, idadi ya miti, tarehe ya mavuno, uzito, na kwenye safu ya mwisho ya maoni kurasa nzima zilikuwa tupu. Nilifikiria rejesta ya kliniki. Safu ni zilezile, mgonjwa amegeuka mkulima, na mtoro wa dawa amegeuka mkulima aliyeuza kwa dalali mwingine usiku. Wewe unajua jinsi ya kumfuatilia mtu wa namna hiyo bila kumfedhehesha. Vituo vya kufungashia na vyama vya ushirika vinahitaji mtu kama huyo, hata wasipotangaza.

Serikalini pia omba. Una miaka 38, na matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira yanaweka ukomo wa miaka 45. Jaza Ajira Portal mara moja kwa umakini, vyeti vithibitishwe na mwanasheria, majina yafanane kwenye vyeti vyote na NIDA. Kisha usikae unaitazama kila asubuhi.

Kiwanja usiuze. Ukiuza kwa haraka, mnunuzi anaijua haraka yako kabla hujafungua mdomo, na msimu huu si wewe peke yako uliyepoteza kazi na una kiwanja. Stesheneri sioni. Umekaa ndani ya moja tangu Machi. Mwombe rafiki yako akuonyeshe daftari la mauzo la miezi mitatu, utoe kodi ya fremu, umeme, wino na karatasi, uone kinachobaki, na ujiulize kama kinaweza kugawanywa na duka la pili mtaa huohuo. Viazi ni jambo lingine. Sikushauri uhame na familia, watoto wako wanasoma. Ila mwombe baba ekari moja mvua za Novemba zikianza, mlime wote. Utakuwa umebadilisha laki moja kwa kitu ambacho yeye atakiona kwa macho.

Mama mwenye nyumba mwambie kabla ya Septemba, mwombe umlipe miezi mitatu badala ya sita. Mwenye nyumba anayeambiwa mapema husikiliza. Na mke wako hukuniandikia anasema nini. Yeye ndiye amebeba nyumba sasa hivi kwa laki mbili na nusu. Muulize amechoka wapi, umsikilize mpaka amalize.

Shati vaa asubuhi, ni vizuri. Ila usiende stesheneri. Nenda kwenye kile kituo cha Jumanne.

*

Shangazi shikamoo. Mimi niko Mombasa. Nilifanya kazi hotelini miaka sita, mshahara shilingi 30,000, wakatufuta watu kumi na wawili kwa sababu wageni wamepungua. Nimepewa mshahara wa mwezi uliokwisha pekee na kuambiwa nishukuru. Ni kweli sina changu?

*

Marahaba, binti yangu. Unacho. Kwenu Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi ya angalau mwezi mmoja, na afisa wa kazi ajulishwe pia, na kila anayeondoka alipwe si chini ya siku kumi na tano kwa kila mwaka aliomaliza. Kwako siku kumi na tano ni kama 15,000, mara miaka sita, 90,000. Ongeza mwezi wa notisi kama hawakukupa, na likizo ambayo hukwenda. Andika barua ya madai, ubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi, na wasipojibu nenda ofisi ya kazi ya kaunti. Muda wa kufungua madai ni miaka mitatu, lakini usiungoje. Mlikuwa kumi na wawili, nendeni pamoja.

*

Shangazi, nilikuwa keshia Arusha, nimepunguzwa tangu Aprili. Nakaa kwa dada yangu. Jana nimepata ujumbe wenye jina langu kamili kwamba nimechaguliwa kazi ya ghala Dar, nitume 65,000 ya kipimo cha afya leo kabla ya saa kumi, nafasi isichukuliwe. Sikumbuki kuomba. Niazime nitume?

*

Usitume, mwanangu, na usiazime. Mwajiri wa kweli hakulipishi ili akuajiri, wala hakukimbizi uamue kabla ya saa kumi. Wanajua majina na namba za watu walioweka CV kwenye makundi ya simu, ndiyo maana walikuita kwa jina lako kamili. Ujumbe huo upeleke kwenye namba 15040, ndiyo ya kuripoti matapeli wa simu, kisha uwafungie. Na mwambie dada yako unayekaa naye, kama naye yumo kwenye kundi hilohilo, maana wakikukosa wewe watamwandikia yeye jioni.